Habari za Nguva

Ni vigumu kupata watu wakaao karibu na maji mengi wasio na hadithi ya kiumbe aishiye ndani yake. Waganda husimulia habari za Lukwata wa Ziwa Nyanza, anayetikisa maji na kupindua mitumbwi. Watoto wa pwani huonywa wasioge baharini peke yao, maana chunusi atawashika miguu na kuwavuta chini. Na katika viumbe hao yuko mmoja ambaye jina lake limeenea toka Lamu hata Kilwa, naye ni nguva. Husemwa kwamba juu ni mwanamke mwenye nywele ndefu, na toka kiunoni kwenda chini ni samaki. Kwamba hukaa juu ya mwamba usiku wa mbalamwezi. Na kwamba baharia amsikiaye hasahau sauti yake, wala harudi kwao.

Ninyi mkaao bara labda mwamjua kwa hadithi hiyo tu. Nami nalizaliwa bara, nikamjua hivyo hivyo. Leo nataka kuwaeleza habari zake nyingine, kama nilivyozipata katika vitabu na katika vinywa vya wavuvi. Na kwanza sina budi kuungama kosa langu, maana ndilo lililonifanya nizitafute.

Miaka kadhaa iliyopita nalipelekwa kufundisha katika shule moja ya pwani, kusini ya midomo ya mto Rufiji. Siku moja nalikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la nne tofauti ya vitu vilivyopo na vitu vya kubuni. Nikapiga mstari katikati ya ubao. Upande mmoja nikaandika: kiboko, kasa, papa, nyangumi. Upande wa pili nikaandika: zimwi, chunusi, nguva. Mtoto mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono, akasema, "Mwalimu, nguva umemweka siko." Wenzake wakacheka. Nikamwuliza sababu. Akajibu, "Nguva tulimla nyumbani." Wakazidi kucheka, nami nikadhani ananifanyia mzaha kwa kuwa ni mgeni wa bara. Nikamtoa nje, akasimama juani mpaka kengele ya saa sita.

Jioni babu yake akaja kwangu. Nalimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwalimu," akakaa kitako barazani bila neno la ugomvi. Alikuwa amechukua kitu kilichofungwa katika kipande cha tanga kuukuu, akakifungua mbele yangu. Kilikuwa fuvu la kichwa, urefu wake kama dhiraa kasoro kidogo, zito kama jiwe, na mfupa wake wa mbele umepinda kwenda chini kama kwamba mtu aliukunja. Kwenye ncha ya mfupa ule palikuwa na meno mawili mafupi, manene. Mzee akasema, "Huyu ndiye nguva, mwalimu. Mjukuu wangu hakusema uwongo." Nikamwambia, "Nisamehe, mzee wangu." Akasema, "Mimi hukunikosea. Mwombe yeye."

Asubuhi yake nalimwomba radhi yule mtoto mbele ya darasa zima, jambo ambalo si jepesi kwa mwalimu. Kisha nikalifuta neno nguva upande wa hadithi, nikaliandika chini ya nyangumi.

Basi nguva ni nani? Si samaki, ingawa hukaa baharini maisha yake yote. Ni mnyama mwenye damu ya moto na mapafu kama sisi, azaaye na kunyonyesha. Aliye mzima hufika futi 9 au 10, na uzito wake huwa kama ratili 900. Ngozi yake ni nene, rangi ya kijivu, yenye vinyweleo vichache. Miguu ya nyuma hana. Mkia wake umetandaa ubapa kama wa pomboo, haukusimama wima kama wa papa. Na miguu ya mbele imekuwa makasia mawili mafupi. Tundu za pua zake ziko juu ya mdomo, nazo hujifunga azamapo. Kila baada ya dakika chache hana budi kuja juu kuvuta pumzi, na ndipo wavuvi walalao baharini wamsikiapo usiku, akihema kama mtu aliyepanda mlima.

Chakula chake ni majani yaotayo chini ya bahari, mahali pa maji haba, nyuma ya miamba na karibu na mikoko. Huyang'oa pamoja na mizizi yake, na apitapo huacha mfuo mweupe wa mchanga kati ya majani, kama mfuo wa jembe shambani. Maji yakipwa, mvuvi mzoefu huitazama mifuo ile akajua kwamba nguva alikuwapo, hata kama hakumwona.

Mtu angedhani kwamba jamaa zake ni nyangumi na pomboo. Sivyo. Wenye elimu ya wanyama wameichunguza mifupa yake na damu yake, wakaona kwamba katika wanyama wa nchi kavu walio hai, walio karibu naye kwa ujamaa ni tembo na pimbi. Niliposoma maneno haya nalidhani mwandishi amekosea. Lakini nilipomweleza yule mzee wala hakustaajabu. Alinionyesha yale meno mawili ya fuvu lake, akasema, "Hukuziona pembe zake? Huyu alikuwa dume." Tena ni kweli, meno yale hutokeza kwa madume, yakawa pembe fupi.

Neno moja zaidi juu ya uzazi wake, nalo msomaji aliweke moyoni maana nitalirudia. Nguva huchukua mimba miezi 13 au 14, akazaa mtoto mmoja tu. Mtoto hunyonya kwa muda wa mwaka na nusu. Mama hazai tena mpaka imepita miaka 3, na pengine 7. Wako majike wasiozaa mara ya kwanza mpaka wametimiza miaka 10, na wengine huchelewa kuliko hivyo. Yaani jike azaliwaye mwaka mtoto aingiapo darasa la kwanza, huenda mtoto huyo akaoa kabla jike hajazaa. Lakini akiachwa apate maisha yake yote, nguva aweza kufika miaka 70.

Sasa mnyama huyu mnene, mwenye mdomo mpana ulioangalia chini kama wa nguruwe, amepataje kuwa mwanamke mzuri wa hadithi? Matiti ya nguva jike ni mawili, nayo yako kifuani, karibu na makwapa, kama ya binadamu. Nadhani hapo ndipo hadithi iliposhika. Vitabu vingi husema pia kwamba mama husimama wima majini, amempakata mtoto kwa mkono mmoja, na mabaharia wakimwona kwa mbali humdhania mtu. Neno hili halikunitosheleza. Watu waliomchunguza kwa karibu wasema kwamba mtoto hunyonya chini ya maji, amelala ubavuni pa mamaye. Kwa hiyo naona mabaharia waliona kidogo, na masikio yao yakawajazia mengine.

Wala sisi wa pwani ya Afrika si watu pekee tuliomchanganya mnyama na mwanamke. Wamalai wa mashariki ya mbali humwita mnyama huyu duyung, nalo neno hilo hilo hulitumia kwa binti wa bahari wa hadithi zao. Neno lao ndilo lililochukuliwa na Wazungu wakaliandika dugong. Lakini tujihadhari tusiseme kwamba kila hadithi ya mwanamke wa bahari imetoka kwa nguva, maana watu wa kaskazini ya Ulaya wanayo hadithi hiyo tangu zamani sana, na katika bahari zao za baridi hapana nguva hata mmoja. Wayunani nao walikuwa na viumbe walioitwa Siren, waliowavuta mabaharia kwa nyimbo. Walakini katika picha zao za kale viumbe hao walikuwa ndege wenye vichwa vya wanawake, na mikia ya samaki walipewa na watu waliokuja baadaye. Hata hivyo mwaka 1811 Mjerumani mmoja, Bwana Illiger, alipotafuta jina la kuwaita nguva na jamaa zake wote, aliwaita Sirenia, kwa ajili ya Siren wale. Hivyo hadithi ikaingia hata katika vitabu vya elimu, na mpaka leo haijatoka.

Yuko baharia mmoja mashuhuri aliyeandika habari hizi. Tarehe 9 Januari, mwaka 1493, Christopher Columbus alipokuwa karibu na kisiwa cha Hispaniola, upande wa Marekani, aliona viumbe watatu wakiinuka juu ya maji. Katika habari za safari yake imeandikwa kwamba hawakuwa wazuri kama wachorwavyo, ingawa kwa namna fulani walikuwa na uso wa mtu. Na kwamba alikwisha kuwaona wengine hapo nyuma katika pwani ya Guinea, huku Afrika. Katika bahari zile mbili nguva wetu hayupo. Yuko jamaa yake, manatii, mwenye mkia wa mviringo. (Jina hili lisichanganywe na manati ambayo watoto wenu hupigia ndege.) Tazameni jinsi alivyosema. Macho yake yalimwonyesha kwamba kiumbe huyu si kama picha. Naye badala ya kuuliza kama picha ni ya kweli, alishika picha, akamtoa kasoro kiumbe.

Katika bahari yetu wenyewe Wareno walifanya karibu vivyo hivyo. Padre mmoja wa shirika la Mtakatifu Dominiko, João dos Santos, alifika pwani hii mwaka 1586, akakaa Sofala, na kitabu chake cha habari za nchi hizi kilipigwa chapa Ureno mwaka 1609. Ndani yake anaeleza habari za samaki aliyeitwa samaki-mwanamke, aliyevuliwa kwenye visiwa vilivyo kusini ya Sofala, akaliwa na watu. Visiwa hivyo leo vyaitwa Bazaruto. Naomba jina hili nalo likumbukwe.

Wasomaji wa Biblia watapenda kujua jambo jingine. Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 26, Musa anaagizwa kuifunika hema kwa ngozi, na juu yake ngozi za namna nyingine, ambazo Kiebrania huziita tahash. Biblia yetu ya Kiswahili imesema pomboo. Katika miaka ya 1830 Mjerumani mmoja aitwaye Eduard Rüppell, aliyezunguka katika nchi za Bahari ya Shamu, aliwaona nguva wa huko, ambako wapo mpaka leo, akasadiki kwamba ngozi zao nene ndizo zilizoifunika hema ya Waisraeli jangwani. Akampa mnyama jina la Kilatini lenye maana ya nguva wa hema. Wataalamu wa leo hawakupatana: wengine wasema tahash si mnyama kabisa, ni namna ya ngozi iliyotiwa rangi. Mimi si mjuzi wa Kiebrania, siwezi kuamua. Lakini tangu nilipoisoma habari hii, kila nifikapo mlango ule namkumbuka mzee yule na tanga lake kuukuu.

Penye watu wengi wenye hamu hapakosi mdanganyifu. Mwaka 1842 mtu mmoja wa New York, P. T. Barnum, alitangaza kwamba amepata mwanamke-samaki aliyekaushwa, kutoka visiwa vya Fiji, na watu wakatoa fedha zao wakaenda kumtazama. Kumbe ni nusu ya nyani imeunganishwa na mkia wa samaki. Sitamwandika zaidi mtu huyu.

Namwacha nikaja kwa mtu wa namna nyingine kabisa, ambaye habari zake zimenihuzunisha kuliko zote. Jina lake Georg Wilhelm Steller, Mjerumani, mganga na mchunguzi wa viumbe. Mwaka 1741 alisafiri pamoja na nahodha Vitus Bering, Mdenmark aliyewatumikia Warusi, kwenda kutazama bahari iliyo kati ya Asia na Marekani, mbali kaskazini, penye barafu. Tarehe 10 Agosti mwaka ule Steller aliona baharini kiumbe asiyemjua: kichwa kama cha mbwa, sharubu ndefu, mwili mnene, mkia kama wa papa, wala hakuona miguu ya mbele. Kilicheza kandokando ya chombo muda wa saa mbili. Akajaribu kukipiga bunduki ili akichunguze, akakikosa. Alikiita nyani wa baharini. Hakuna mtu aliyepata kukiona tena, na wengi wadhani kwamba alikuwa sili wa namna fulani aliyeonekana vibaya katika nuru ya jioni.

Mwezi wa Novemba chombo chao kilivunjika kwenye kisiwa kitupu. Mabaharia walikuwa wamekwisha kuliwa na kiseyeye, wengi wakafa, na Bering mwenyewe akafa mwezi wa Desemba, akazikwa pale. Kisiwa chaitwa kwa jina lake hata leo. Na kando ya kisiwa hicho, wakila majani ya baharini katika maji haba, Steller aliwaona wanyama wakubwa ajabu. Walikuwa nguva, lakini nguva wa baridi: urefu wao futi 25 na zaidi, wazito kupita tembo, hawana meno, na ngozi yao nyeusi, ngumu, yenye makunyanzi kama gome la mti mzee. Hawakuwa na woga. Mtu aliweza kusukuma mashua katikati yao.

Steller aliwachunguza, akawapima, akaandika yote. Huyu mara hii hakuwa na haja ya kubuni neno, maana aliyoyaona yalikuwa makubwa kuliko ya hadithi. Aliandika kwamba mmoja akipigwa chusa, wengine humzunguka, wakajaribu kukata kamba kwa kuilalia na kuipindua mashua. Aliandika pia juu ya dume mmoja ambaye jike wake aliuawa akavutwa pwani: siku ya pili dume alikuja mpaka ufuoni kana kwamba anamtafuta, na siku ya tatu walimkuta yupo tena. Nyama yao, asema, ilikuwa nzuri kama ya ng'ombe, wala haikuoza upesi. Nyama hiyo iliwapa nguvu wale waliosalia, wakaunda chombo kidogo kwa mbao za kile kilichovunjika, wakaondoka kisiwani Agosti mwaka 1742.

Steller hakurudi kwao. Alifia njiani mwaka 1746, naye hajafika miaka 40. Kitabu chake kilitoka mwaka 1751. Lakini habari ya kisiwa chenye nyama ya bure ilikuwa imekwisha kuenea zamani, na wawindaji wa ngozi wakawa wakipita kule kila mwaka kujaza vyakula vyao. Waliua bila hesabu. Wanyama wengi waliopigwa walikwenda kufia baharini, hawakuliwa na mtu. Mwaka 1768 akauawa mmoja kisiwani Bering, na baada yake hakuna aliyeonekana tena. Toka siku Steller alipowaona mpaka hapo ni miaka 27. Katika wasomi wa elimu ya wanyama, mtu pekee aliyewahi kuwaona wakiwa hai ni yeye. Leo mtu akieleza habari za mnyama kama tembo asiye na miguu, aliyekula majani katika bahari ya barafu, akamlilia mkewe ufuoni, hata mimi mwalimu ningalimwandika upande wa pili wa ubao, kama yasingalikuwako maandishi ya Steller na mifupa iliyowekwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya.

Narudi kwetu. Zamani nguva walikuwa wengi katika pwani hii, toka nchi ya Wasomali, Lamu na visiwa vyake, hata Mafia, Kilwa na Msumbiji. Watu waliwavua kwa nyama, iliyosifiwa kuwa tamu, na kwa mafuta, yaliyotumiwa kama dawa. Lakini mkuki wa mvuvi katika ngalawa hauwezi kumaliza wanyama wote. Kilichowamaliza ni jarife. Wasomaji wa bara, jarife ni wavu mrefu wenye macho makubwa, utegwao kwa papa na taa, ukaachwa majini usiku kucha. Zamani nyavu zilisokotwa kwa nyuzi za mimea, nazo zilioza na kukatika. Siku hizi ni za nailoni, hazikatiki. Nguva akinaswa hana nguvu ya kuupasua. Naye, kama nilivyosema, lazima avute pumzi kila baada ya dakika chache. Hivyo mnyama wa baharini hufa maji, kama mtoto wa watu aliyetumbukia kisimani. Asubuhi mvuvi huvuta wavu wake akitumaini papa, akaona mzigo asioutega. Sheria za Kenya na za Tanzania zakataza kumwua nguva, lakini jarife halisomi sheria. Na mvuvi maskini ambaye wavu wake umeraruka, mbele yake pana ratili 900 za nyama iliyokwisha kufa, sijui mimi ningefanya nini.

Zimefanywa juhudi. Huko Kiunga, kaskazini ya Lamu, sehemu ya bahari ilitengwa na serikali mwaka 1979, na Mafia mwaka 1995. Hata hivyo Desemba mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, baada ya kukusanya habari zote, ulitangaza kwamba katika pwani yote ya mashariki ya Afrika nguva wazima wawezao kuzaa hawafiki 250, ukawaandika katika safu ya wanyama walio karibu kabisa na kutoweka. Mwaka huo huo wataalamu walisema kwamba katika bahari za China, ambako zamani nguva walikuwako, hawaonekani tena. Na hao wetu waliosalia, wengi wao wako wapi? Wako Bazaruto, visiwa vile vile vya samaki-mwanamke wa Padre dos Santos, ambavyo serikali ilivitenga tangu mwaka 1971. Sehemu nyingine za pwani huonekana mmoja mmoja, baada ya miaka.

Sasa ile hesabu ya uzazi niliyowaomba mwiweke. Jarife moja likiua jike mmoja usiku mmoja, mwenzake hawezi kumlipa kwa mwaka wala kwa miaka miwili. Watu wa Bering walihitaji miaka 27 kumaliza wao, na walikuwa na chusa na njaa. Sisi hatuna hata haja ya kukusudia.

Nalimwuliza yule mzee ameona nguva wangapi maishani mwake. Alihesabu kwa vidole, akasita, akaanza tena. Alisema baba yake aliwaona wakienda kundi, kama ng'ombe wakienda kunywa, wakati wa bamvua, maji yakijaa juu ya majani. Yeye mwenyewe katika ujana wake aliwaona wawili wawili, mama na mtoto. Mwanawe ameona mmoja, akiwa amekufa ndani ya jarife, naye ndiye mjukuu aliyemla. Kisha akaniambia, "Mimi namjua nguva kwa kuhema kwake. Mwanangu amjua kwa mzigo wa wavu, na huyu mdogo kwa kipande cha nyama. Mtoto wa huyu atamjua kwa ubao wako, mwalimu, na utakuwa hukukosea tena."

Sikupata la kumjibu. Nalimwomba anichukue kwenye hori ambako mara ya mwisho aliwahi kumsikia, usiku wa kaskazi, miaka mingi iliyopita. Tumekwenda mara nne na ngalawa yake, maji yakijaa, tukatia nanga juu ya majani, tukazima taa, tukanyamaza. Mjukuu wake alikuwa pamoja nasi mara zote. Tulisikia samaki wakiruka, na mara moja kasa alipotoa kichwa, mtoto akanishika mkono. Nguva hatujamsikia.

Basi nawaomba wasomaji wa Lamu, Tanga, Mafia, Kilwa na Mtwara, au mtu yeyote mwenye ndugu avuaye sehemu hizo: aliyemwona nguva, au aliyesikia pumzi zake usiku, au aliyeiona mifuo yake katika majani maji yakipwa, amwandikie Mhariri mahali, mwezi na mwaka, na kama alikuwa peke yake au na mtoto. Hata kama ni habari za babu au za nyanya, aziandike, ila aseme wazi kwamba ni zao. Mtoto yule, ambaye sasa yuko darasa la saba, ameniahidi kuzinakili zote katika daftari.